Tangi lisilo na changarawe: filta gani, hita ipi?

Mtu akitoa changarawe kwenye tangi lake la samaki, faida huiona siku hiyo hiyo. Kinyesi na mabaki ya chakula yanaonekana wazi juu ya kioo, mpira wa kunyonyea unayaondoa kwa dakika chache, na hakuna uchafu unaojificha ukaoza chini kwa chini. Ndiyo maana wanaokuza vifaranga, wanaofuga diskasi, wenye samaki wa dhahabu wanaokula na kunya mchana kutwa, na wanaotenga samaki wagonjwa hupendelea sakafu ya kioo kitupu. Hasara ndiyo huchelewa kuonekana. Changarawe ilikuwa na kazi yake, na siku inapotolewa kazi ile inahamia kwenye vifaa vinavyotegemea umeme.

Hapo swali la filta na hita linabadilika sura. Dukani vifaa hivi huuzwa kwa sifa zake vikiwa vizima: lita kadhaa kwa saa, wati kadhaa, tangi la ukubwa fulani. Kwa tangi tupu kipimo cha maana zaidi ni saa mbaya: saa tisa usiku umeme umekatika, au hita imeng'ang'ania kuwaka na nyumba nzima imelala. Kifaa kinachofaa ni kile ambacho hata katika saa hiyo samaki ataamka mzima. Kanuni hii moja inatatua mabishano mengi ya wafugaji, kuanzia sponji dhidi ya kanista hadi hita moja kubwa dhidi ya mbili ndogo.

Kazi iliyoondoka na changarawe

Samaki hutoa amonia usiku na mchana, na sehemu kubwa hupitia kwenye matamvua. Hili lizingatiwe, kwa sababu wapo wanaoamini kwamba tangi likinyonywa uchafu kila siku, filta haina kazi tena. Kunyonya kinyesi kunapunguza mzigo, lakini amonia iliyokwisha kuyeyuka majini haifuati mpira. Inahitaji bakteria. Kundi moja huigeuza kuwa nitriti, kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia zaidi na ambayo huondoka maji yanapobadilishwa. Tangu 2015 inajulikana pia kwamba baadhi ya bakteria wa jenasi ya Nitrospira hufanya hatua zote mbili wenyewe. Wengi wa viumbe hawa huishi wakiwa wamejishikiza kwenye nyuso za vitu. Wanataka mahali pa kushika, maji yanayopita, na oksijeni.

Chukua tangi la sentimita 75 kwa 40 kwa 40. Likijaa pomoni ni lita 120. Likijazwa kama kawaida lina lita 110 hivi. Kuta zake nne na sakafu, kwa ndani, ni takriban mita za mraba 1.2. Tandaza humo changarawe yenye kina cha sentimita 5 na punje za milimita 4, kisha jumlisha nyuso za punje zote: unakaribia mita za mraba 13. Si zote zinazofanya kazi, maana tabaka la chini hukosa oksijeni na baada ya miezi kadhaa huziba. Hata hivyo, pengo ni kubwa, na aliyetoa changarawe ametoa pia sehemu kubwa ya makazi ya bakteria wake.

Mzigo wenyewe unahesabika kwa chakula. Kanuni inayotumika katika ufugaji wa samaki inasema gramu 1 ya chakula chenye protini asilimia 40 huacha majini takriban miligramu 37 za nitrojeni ya amonia. Kwa gramu 2 kwa siku katika lita 100, maji yanapata nyongeza ya karibu miligramu 0.7 kwa lita kila siku ikiwa hakuna wa kuiondoa. Ukali wa kiasi hicho unategemea pH na joto. Katika nyuzi 25 na pH 7, sehemu iliyo katika hali ya sumu haifiki asilimia 1. Katika pH 8 inafika kama asilimia 5, na katika pH 9 inapita theluthi moja. Kwa hiyo anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao maji yao ya asili yana pH inayokaribia 9, ana nafasi ndogo sana ya kukosea kuliko anayefuga beta katika maji laini.

Kutokana na hesabu hii kuna mambo mawili ya vitendo. Kwanza, tangi jipya tupu huchukua wiki 4 hadi 6 kabla bakteria hawajatosha, na haraka hailisaidii. Pili, anayetoa changarawe kwenye tangi la zamani asiitoe yote kwa siku moja. Aweke filta mpya ifanye kazi sambamba na changarawe kwa mwezi hivi, kisha aitoe kwa mafungu, akipima amonia na nitriti katikati.

Filta: nyumba ya bakteria kwanza, pampu baadaye

Aina moja inajiondoa yenyewe. Filta ya sahani inayolazwa chini ya changarawe haina maana pasipo changarawe. Zinazobaki ni sponji inayosukumwa na hewa, filta ya ndani yenye injini, ya kuning'inia ukingoni, kanista ya nje, na sampu, yaani tangi la pili chini ya la kwanza.

Sponji ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Itazame kwa karibu ikifanya kazi. Pampu ndogo iliyo nje ya tangi inapeleka hewa kwa mrija mwembamba hadi ndani ya bomba lililosimama katikati ya sponji. Viputo vinapanda ndani ya bomba na kubeba maji juu. Maji mengine yanavutwa kutoka pande zote za sponji kuziba nafasi. Mwendo ni wa polepole kiasi kwamba kifaranga cha siku mbili huparuza chakula kwenye sponji bila kumezwa. Chini ya maji hakuna waya, hakuna injini, hakuna cha kuungua. Pampu ya kuhudumia tangi la lita 110 hutumia wati 3 hadi 5.

Udhaifu wake upo. Haina nguvu ya kuvuta vipande vikubwa vya uchafu kutoka kwenye sakafu, haiyang'arishi maji, na pampu za bei ndogo hunguruma usiku kucha. Katika tangi lenye changarawe udhaifu wa kwanza ni mkubwa. Katika tangi tupu ni mdogo, kwa kuwa uchafu wa sakafuni unaondolewa kwa mkono. Sponji na mpira wa kunyonyea wanagawana kazi: huyu anachukua amonia, yule anachukua kinyesi.

Ubora wa sponji uko kwenye matundu. Yakiwa madogo sana huziba ndani ya wiki, yakiwa makubwa sana uchafu hupita. Wapo wanaokata godoro. Bei yake inavutia, lakini magodoro mengi yana kemikali za kuzuia moto au ukungu, na matundu yao mengi yamefungwa kwa ndani. Jaribio ni jepesi: weka kipande mdomoni upulize. Hewa ikipita kwa taabu, maji yatapita kwa taabu zaidi. Lakini jaribio hilo halikuambii lolote kuhusu kemikali, kwa hiyo kama asili ya sponji haijulikani ni salama kununua iliyotengenezwa kwa ajili ya samaki.

Ufugaji wa Ujerumani umeeneza mtindo mwingine unaotumia kifaa kilekile: ukuta wa sponji unaokata kona au ubavu wa tangi kutoka juu hadi chini, na bomba la hewa nyuma yake likirudisha maji upande wa samaki. Eneo la kupitishia maji ni kubwa mno hata mwendo ukawa wa taratibu sana, na ukuta ukikaa vizuri hukaa miezi mingi bila kuoshwa. Kwa tangi tupu la kukuzia vifaranga ni vigumu kupata kinachouzidi. Bei yake ni nafasi: sentimita 10 za tangi zinaondoka.

Filta ya kuning'inia na ile ya ndani yenye injini zina nguvu zaidi ya kuvuta uchafu unaoelea. Zinafaa pale penye samaki wakubwa wachafuzi, mradi mdomo wa kunyonyea ufunikwe kwa kipande cha sponji. Kanista hubeba vichujio vingi kuliko hizo, haionekani, na maji yake hutoka safi. Sampu hufanya yote hayo na kuongeza ujazo wa maji, lakini inataka kabati, mabomba, na hesabu makini ya maji yatakayoshuka umeme ukizima, yasije yakamwagikia sebuleni.

Kuhusu lita kwa saa, wafugaji wengi hutaka maji yote yazunguke mara 4 hadi 6 kwa saa. Ni mwongozo mzuri, ila tarakimu ya kwenye boksi hupimwa filta ikiwa haina vichujio ndani na haipandishi maji kwenda juu. Ukiitegemea hiyo umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Ikishajazwa sponji na tope la wiki mbili, hutoa pungufu sana.

Katika tangi tupu mwelekeo wa maji una uzito kuliko wingi wake. Sakafu ya kioo haina cha kuzuia uchafu, hivyo mkondo huusukuma hadi pale unapotulia. Elekeza mdomo wa kutolea maji kwenye ukuta wa mbele ili mkondo uzunguke, kisha tazama kwa siku mbili uchafu unakusanyika wapi. Kona hiyo ndiyo ya kuweka mdomo wa kunyonya, au ndiyo ya kuanzia na mpira. Mkondo ukiwa mkali mno, samaki wa dhahabu wenye mikia mirefu huchoka na vifaranga hupelekwa ukutani.

Wauzaji pia husifu mawe ya kauri na vichujio vyenye eneo kubwa la kuishi bakteria. Yana kazi, lakini bakteria huongezeka kwa kadiri ya amonia waliyopata. Mahali pakishatosha, kuongeza mahali hakuongezi bakteria. Kinachowaongeza ni oksijeni inayowafikia na utaratibu wa kuosha usiowaua. Sponji ioshwe kwenye ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi, ikaminywe mara chache hadi tope litoke, basi. Maji ya bomba yenye klorini huua walioishi humo. Mwenye sponji mbili aoshe moja wiki hii na ya pili wiki nyingine, ili siku zote pawepo moja iliyokomaa.

Joto: pima chumba kabla ya tangi

Kanuni ya kawaida ni wati 1 kwa kila lita. Ina kasoro moja kubwa: haiulizi chumba kina baridi kiasi gani. Joto linapotea kwa tofauti kati ya maji na hewa ya chumba, si kwa idadi ya lita.

Tangi letu la sentimita 75, likiwa na kifuniko, hupoteza kwa makadirio wati 8 hadi 9 kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Nairobi mwezi Julai, chumba kikiwa nyuzi 18 na maji yakitakiwa kuwa 26, hita itahitajika kutoa wati 70 hivi mfululizo. Hizo ni karibu yuniti 1.6 za umeme kwa siku. Tangi hilohilo Dar es Salaam mwezi Februari, chumba kikiwa nyuzi 30, halihitaji hata wati moja. Kanuni ya boksi ingewauzia wote wawili hita ileile ya wati 120.

Sasa ipeleke hita hiyo kwenye saa yake mbaya. Ndani ya hita nyingi za bei ya kawaida mna utepe wa metali mbili zilizobanwa pamoja. Utepe hujikunja maji yanapopata joto na kuachanisha vidokezo viwili vya umeme, kisha hujinyoosha na kuviunganisha maji yanapopoa. Kila muunganiko hutoa cheche ndogo. Baada ya maelfu ya cheche, vidokezo vinaweza kuyeyuka na kugandana, na tangu hapo hita haizimiki. Hita ya wati 300 ikigandana kwenye tangi letu, maji yataendelea kupanda kuelekea nyuzi 35 juu ya joto la chumba, na samaki watakufa muda mrefu kabla ya kufika huko. Ya wati 75 ikigandana kwenye chumba cha nyuzi 18, maji yataishia karibu na 27. Mfugaji anaweza kukaa siku tatu bila kugundua, na samaki wake wakawa wanacheza.

Hii ndiyo sababu ya kuchagua hita mbili ndogo badala ya moja kubwa. Ikifa moja, nyingine inapunguza kasi ya baridi. Ikigandana moja, haina nguvu ya kuchemsha. Lakini hesabu hiyohiyo inaonya upande wa pili. Wati 75 zilizogandana katika chumba cha Mombasa chenye nyuzi 29 zinaelekea 38. Pwani, hita kama ipo iwe ya wati 25 hadi 50, kwa ajili ya usiku wa Julai wakati kusi inavuma, na itolewe kwenye umeme msimu wa joto ukianza.

Umeme wenyewe nao hubadilisha wati. Nguvu ya hita hufuata mraba wa volti. Hita iliyoandikwa wati 100 kwa volti 220, ikichomekwa kwenye volti 240, hutoa karibu 119. Volti zikishuka hadi 200, hita ya wati 100 iliyotengenezwa kwa 240 hutoa 69 tu, na mara nyingi zinashuka jioni, baridi inapoanza. Kipimajoto kilicho mbali na hita ndicho cha kuaminiwa, si namba iliyochorwa kwenye kitufe chake.

Tangi tupu lina mtego wake mmoja kwenye joto. Kwa kuwa linanyonywa mara kwa mara, maji hushuka mara kwa mara, na hita iliyosimama wima huachwa wazi hewani ikiwaka. Kioo kikipata moto kisha maji baridi yakarudi, kinapasuka. Ilaze hita kando ya sakafu, usawa ambao maji hayashuki kamwe, karibu na mkondo wa filta, na uichomoe dakika 15 kabla ya kuanza kunyonya. Samaki wakubwa kama oska huipiga kumbo hita isiyofichwa na kitu. Kwao inafaa kuivisha kizimba cha plastiki au kuiweka ndani ya sampu.

Maji mapya nayo yana hesabu yake. Toa lita 40 kwenye tangi la nyuzi 28, rudisha lita 40 za nyuzi 18, na maji yote yatashuka hadi nyuzi 24 na nusu hivi. Hita mbili za wati 75 zitachukua takriban saa 6 kuyarudisha. Wafugaji wa diskasi wanaobadilisha maji kila siku hawawezi kuishi hivyo. Dawa yake iko jikoni: katika hizo lita 40, ziwe lita 5 za maji yanayochemka zilizochanganywa kwenye ndoo na maji baridi kabla ya kumimina, na tofauti inaisha.

Kuokoa joto ni rahisi kuliko kulizalisha. Kila lita moja inayokauka tangini kwa siku huondoka na joto sawa na wati 28 zinazowaka mfululizo. Kifuniko cha kioo peke yake basi kinaweza kupunguza mahitaji kwa kiasi cha kuonekana. Ubao mwepesi mweupe, ule unaofungiwa friji na televisheni, ukiwekwa nyuma na chini ya tangi huzuia joto lisivujie kwenye meza. Ukipakwa rangi nyeusi au kufunikwa kwa karatasi nyeusi, hutibu pia tatizo jingine la kioo kitupu: samaki wengi hutishwa na kivuli chao kinachoonekana sakafuni. Pwani kanuni hiyohiyo hugeuzwa. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji yasiyofunikwa huongeza ukaukaji na kuyapoza, ingawa siku za unyevu mwingi hewani msaada wake hupungua.

Hewa ya mlimani na hewa ya pwani

Hapa ndipo filta na hita zinapokutana. Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi: usawa wa bahari, nyuzi 20 hubeba miligramu 9 kwa lita, nyuzi 30 hubeba 7.6. Wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba Dar es Salaam ndiko kwenye hatari. Lakini Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni kama asilimia 81 ya ile ya pwani. Maji yaliyopashwa hadi nyuzi 26 Nairobi hayawezi kubeba zaidi ya miligramu 6.5 hivi. Yana oksijeni kidogo kuliko maji ya nyuzi 30 ya Dar es Salaam. Mbeya, yenye mwinuko unaokaribia huo, iko katika hali hiyohiyo.

Bakteria nao wanapumua. Kubadilisha gramu 1 ya nitrojeni ya amonia kunakula zaidi ya gramu 4 za oksijeni. Kwa hiyo mkazi wa nyanda za juu anayeongeza joto ili afuge samaki wa kitropiki anapaswa kuongeza hewa vilevile. Sponji ya viputo inatoa vyote viwili, maana viputo vinatikisa uso wa maji, na huko ndiko oksijeni nyingi inakoingilia. Anayependa kanista ainue mdomo wake wa kutolea ili uvuruge uso wa maji, au aongeze jiwe la hewa pembeni.

Umeme ukikatika

Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani kwa saa nyingi. Tanzania nako mgao umekuwa ukija na kuondoka kwa miaka. Anayechagua vifaa vya tangi achague akijua hilo.

Joto hupotea polepole kuliko watu wanavyohofia. Tangi letu likiwa nyuzi 8 juu ya chumba, saa ya kwanza bila umeme hupungua nusu nyuzi hivi, na baada ya saa 6 nyuzi 2 na nusu. Blanketi likizungushiwa, upungufu huwa mdogo zaidi. Samaki walio wengi huvumilia. Oksijeni haina subira hiyo. Katika tangi lenye samaki wengi unaweza kuwaona wakipanda juu kuhema ndani ya saa chache.

Sasa linganisha matumizi. Betri ya volti 12 yenye amperi-saa 7, ya aina inayotumika kwenye kengele za ulinzi, ina wati-saa 84, na kwa afya yake itumike nusu. Nusu hiyo inaendesha pampu ya hewa ya wati 5 kwa saa 8. Hita ya wati 100 ingeimaliza kwa dakika 25. Ukiwa na betri moja tu, ya nani ilijulikane mapema: ni ya hewa.

Kanista ndiyo inayoumia vibaya zaidi. Ni chombo kilichofungwa. Maji yakisimama, bakteria waliomo humaliza oksijeni, wanaanza kufa, na kinachobaki ni maji mabovu yenye harufu. Umeme ukirudi, pampu huyasukuma yote tangini kwa mkupuo. Baada ya saa kadhaa za kuzimika, ifunguliwe, imwagwe na kusuuzwa kwa maji ya tangi kabla ya kuwashwa. Sponji iliyo wazi ndani ya maji ya samaki huendelea kupata oksijeni kidogo iliyopo, na nguvu ikirudi inaendelea na kazi bila sherehe. Iwekwe tu vali ndogo inayoruhusu hewa kwenda upande mmoja, au pampu iwekwe juu zaidi ya usawa wa maji. La sivyo maji hurudi kwenye mrija hadi kwenye pampu na sakafuni.

Usalama wa binadamu nao uhesabiwe. Nyaya zote zipinde chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone linalofuata waya lidondokee sakafuni. Hita yenye pini mbili haichomekwi kwenye soketi ya pini tatu kwa kusukuma kijiti cha kalamu kwenye tundu la juu. Inatafutiwa adapta inayoshika vizuri. Na mkono usiingie majini kabla hita na injini hazijachomolewa.

Nani achague nini

Pwani, mwenye gapi, beta au oska, sponji mbili kwenye pampu moja zinatosha kwa tangi la lita 110 lisilosongamana. Oska akikomaa atataka tangi kubwa zaidi na kanista ya kuongezea. Hita ni ya msimu, au haipo kabisa, na fedha yake inunue feni na kipimajoto.

Nairobi, Arusha, Mbeya au Njombe, samaki wa dhahabu ndio wanaoendana na hali ya hewa. Hawahitaji hita, wanafurahia nyuzi 18 hadi 22, na fedha yote iende kwenye filta kwa sababu wanakula sana. Hapa filta mbili za aina tofauti zinalipa: sponji kwa usalama wa usiku, na ya kuning'inia au kanista kwa uchafu. Anayetaka wa kitropiki achukue hita mbili za wati 75, kifuniko, na ubao wa kuzuia joto. Anayetaka diskasi wa nyuzi 29 ajue kwamba analipia karibu wati 95 zisizolala kwa tangi dogo tu. Wapo wanaofanya hivyo kwa moyo mkunjufu. Waanzie kwenye bili.

Wenye samaki wa Tanganyika wagawanyike. Tropheus na jamii nyingine za mawe hukubali sakafu ya kioo, mradi chini ya mawe pawekwe bamba la plastiki ili kioo kisipasuke. Wanaoishi kwenye magamba ya konokono na wanaochuja mchanga kwa midomo wasinyang'anywe mchanga wao kwa ajili ya usafi wetu. Kwa wote, pH ya juu inamaanisha filta iwe kubwa kuliko inavyoonekana kuhitajika, na chakula kiwe kidogo kuliko wanavyoomba.

Mwenye bajeti ndogo anunue kwa mpangilio huu: pampu ya hewa na sponji mbili, vipimo vya amonia na nitriti, kipimajoto, kifuniko, betri ya kuendeshea hewa, kisha hita ndogo kulingana na baridi ya chumba chake. Kanista na vichujio vya kifahari vije mwisho. Akiishia hata katikati ya orodha, atakuwa amekwisha kununua vile ambavyo kukosekana kwake kunaua samaki kwa usiku mmoja.